Moto kichaa haumuulizi kijana umri

*Mbiu ikilia kandokando ya misitu, vijana wa sekondari hupanda pamoja na wakubwa kuzima moto, bila somo wala vifaa. Wapo wanaotaka wafundishwe. Wapo wanaoona kuwafundisha ni kuwasogeza karibu na kifo.*

JUMAPILI ya Oktoba 11, 2020, moto ulizuka Whona, mahali wapandaji wa Mlima Kilimanjaro wanapopumzika kati ya vituo vya Mandara na Horombo katika njia ya Marangu. Usiku ulipoingia, wakazi wa Moshi walikuwa nje ya nyumba zao wakitazama mstari mwekundu ukikata ubavu wa mlima.

Taarifa za awali za Shirika la Hifadhi za Taifa (Tanapa) zilieleza kuwa moto huo ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Katika siku zilizofuata, watu zaidi ya 500 walipanda kwenda kuuzima: askari wa hifadhi, Zimamoto, waongoza watalii, wapagazi, wanavijiji na wanachuo wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka. Ulipodhibitiwa, takriban kilomita 95 za mraba zilikuwa zimeungua.

Haikupita miaka mingi. Oktoba 21, 2022, moto mwingine ulianza karibu na kambi ya Karanga, kwenye mwinuko wa takriban meta 4,000, ukawahangaisha wazimaji hadi wanajeshi wakaitwa kuongeza nguvu.

Huko juu gari la zimamoto halifiki. Hewa ni nyepesi, usiku ni wa baridi kali, na maji hubebwa mgongoni. Silaha kubwa ya mzimaji ni panga, jembe, tawi bichi na miguu yake mwenyewe.

Wanachuo wa Mweka ni watu wazima wanaosomea kazi ya hifadhi. Ila anayeishi jirani na msitu, iwe Rombo, Lushoto au Mufindi, anajua mambo yanavyokwenda moto unapoonekana. Mtendaji anapiga simu, mbiu inalia, nguvukazi ya kijiji inaondoka. Hakuna anayesimama njiani kukagua vyeti vya kuzaliwa.

Siku hiyo kijana wa miaka 15 mwenye kifua cha kubeba ndoo ya maji kilimani anahesabiwa mtu mzima. Kesho yake anarudi darasani, na kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 anakuwa mtoto tena.

Katikati ya hali hizo mbili ndipo mjadala wa makala haya ulipo: je, vijana wa umri wa sekondari wafundishwe kuzima moto wa msituni na kujiokoa porini, tena kwa vitendo na nje ya darasa? Au somo lenyewe ndilo litakalowapeleka kwenye hatari?

Mlima ukiungua, mfereji unakauka

Kabla ya kuuliza nani aende kuuzima, tuone kwanza kwa nini watu wanaondoka mbio kuuwahi.

Juu ya msitu mnene wa Kilimanjaro kuna ukanda wa miti na vichaka vya Erica, yenye majani madogo kama sindano. Kila siku mawingu hupanda kutoka chini na kupita humo. Ukungu hunaswa na majani hayo na ndevu za kijani zinazoning'inia matawini, ukageuka matone, matone yakazama ardhini.

Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, aliyefanya utafiti mlimani humo kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 2005 hoja iliyowashangaza waliozoea kulilia barafu pekee. Kwa upande wa maji yanayomfikia mwananchi, alisema, moto unaorudisha nyuma mpaka wa juu wa msitu una madhara makubwa kuliko kupungua kwa theluji ya kileleni.

Maji hayo ndiyo yanayojaza mifongo, ile mifereji ya Wachaga inayomwagilia migomba na kahawa. Ndiyo pia yanayoingia Mto Pangani na kufika kwenye mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu na Hale. Moto wa Whona si habari ya watalii tu.

Erica huwaka upesi hata ikiwa mbichi. Mbaya zaidi, chini yake kuna udongo wa majani yaliyooza ambao moto hujichimbia na kufukuta kimyakimya. Watu wanashuka wakiamini kazi imekwisha. Upepo wa mchana unavuma, moto unaibuka upya nyuma yao.

Kujua jambo hilo moja tu, kwamba ardhi inayotoa moshi mwembamba haijazimika, kunaweza kumwokoa mtu asikanyage mahali pa kumchoma nyayo. Nalo hujifunzwa kwa kuonyeshwa.

> *Siku ya moto anahesabiwa mtu mzima. Kesho yake anarudi darasani na kuwa mtoto tena.*

Kijana wa miaka 17 bondeni

Anayetaka kuelewa kwa nini mjadala huu ni mgumu, atazame kilichotokea Marekani Agosti 5, 1949.

Mchana wa siku hiyo, wazimamoto wa miamvuli waliruka kutoka mji wa Missoula, jimbo la Montana, wakashushwa katika bonde liitwalo Mann Gulch, kando ya Mto Missouri. Ardhini aliungana nao mlinzi mmoja wa moto, wakawa 16. Wengi walikuwa vijana wabichi. Mdogo kuliko wote, Robert Sallee, alikuwa na miaka 17; aliongopa umri wake ili apate kazi, kwa kuwa kanuni zilidai miaka 18.

Moto ulikuwa upande wa pili wa bonde. Mkuu wao, Wagner Dodge, aliwaongoza kuelekea mtoni, mahali ambapo wangekuwa na maji mgongoni kwao. Ghafla akaona moto umeruka na kuziba njia ya mto mbele yao, na unapanda kuwajia kupitia nyasi kavu. Akawageuza, wakaanza kupanda mteremko mkali. Akawaamuru watupe majembe na misumeno.

Moto uliendelea kuwakaribia. Dodge akafanya jambo ambalo hakuna kijana wake aliyewahi kuliona: akawasha kiberiti na kuchoma nyasi zilizokuwa mbele yake. Kiraka hicho kikaungua upesi. Akaingia kwenye majivu yake na kuwaita vijana wamfuate walale humo, kwa maana moto mkubwa usingepata cha kula mahali palipokwishaungua.

Hawakumwelewa. Mtu anayewasha moto mwingine wakati moto unamfukuza alionekana kama amerukwa na akili. Wakampita wakikimbilia juu.

Dodge aliokoka akiwa amejilaza majivuni. Sallee na mwenzake Walter Rumsey walipata mwanya kwenye miamba ya kilele cha ukingo, wakapenya. Wengine 13 walikufa. Tangu walipogeuzwa hadi moto ulipowafikia, haikutimia robo saa.

Kila upande wa mjadala wetu unaweza kulitumia tukio hili. Wanaokataa watasema: kijana wa miaka 17 hakupaswa kuwapo, kanuni ilikuwa sahihi, na kupona kwake kulikuwa bahati. Wanaokubali watasema: vijana wale walikufa kwa sababu maarifa yalikuwa kichwani mwa mkuu wao tu. Laiti mbinu ile wangaliiona hata mara moja kwenye mazoezi, amri yake ingaliwaingia.

Wote wana haki. Ndiyo maana swali halijibiwi kwa ndiyo au hapana.

Somo la njiti za kiberiti

Mji uleule wa Missoula leo una maabara ya utafiti wa moto ya Huduma ya Misitu ya Marekani. Humo uliandaliwa mtaala wa shule uitwao FireWorks, na mojawapo ya mazoezi yake linaweza kufanyika katika shule yoyote ya kata.

Ubao mdogo hutobolewa vitundu, safu kwa safu, na kila kitundu huchomekwa njiti ya kiberiti. Zoezi hufanyika uwanjani penye udongo mtupu, ndoo ya maji na mchanga vikiwa pembeni. Kwanza ubao hulazwa bapa na njiti za mwanzo kuwashwa. Mara nyingi moto hula njiti chache, ukasitasita, ukafa.

Kisha ubao huinuliwa upande mmoja ili uwe kilima, na njiti za chini huwashwa. Safari hii mwali unalamba njiti ya juu kabla ya ile ya chini kwisha. Safu inairukia safu. Mwanafunzi aliyekuwa akicheka anarudi nyuma hatua moja bila kuambiwa.

Mwishoni wanafunzi wenyewe hung'oa safu moja au mbili katikati na kuwasha tena. Moto unafika kwenye pengo, unanyoosha ulimi, unakosa cha kushika. Hapo wameiona njia ya kuzuia moto, na wameona pia kwamba pengo likiwa jembamba juu ya mteremko mkali, mwali unaruka.

Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa moto husema kwamba kwa kila nyuzi 10 za mwinuko, kasi ya moto unaopanda hukaribia kuongezeka maradufu. Mwalimu anaweza kuiandika ubaoni ikasahaulika kabla ya kengele. Aliyeiona kwenye njiti hatakimbilia juu ya kilima kwa pupa.

Kutoka hapo somo huhamia kilimani. Vijana husoma upepo: mchana mara nyingi hupanda mlima, usiku hushuka. Husoma nyasi kwa kuzivunja mkononi na kusikiliza zinavyolia. Hutazama bonde jembamba na kujifunza kwamba kwa moto bonde la namna hiyo hufanya kazi ya bomba la moshi.

Juu ya yote hufundishwa mambo manne ambayo mzimamoto wa Marekani, Paul Gleason, aliyaweka pamoja mwaka 1991 na ambayo sasa vikosi vingi hukariri: pawe na mlinzi anayetazama moto muda wote, mawasiliano yanayofika, njia za kutorokea zaidi ya moja, na mahali salama pa kufikia. Moja likikosekana, kazi haianzi.

> *Vijana wale walikufa kwa sababu maarifa yalikuwa kichwani mwa mkuu wao tu.*

Wanaokataa wana hoja nzito

Hoja ya kwanza ya wanaopinga ni ya mwili na akili. Kijana wa miaka 15 huchoka haraka kwenye joto na moshi, na anapokuwa mbele ya wenzake hapendi kuonekana mwoga. Kumpa maarifa nusu ni kumpa ujasiri mzima.

Hoja ya pili ni ya kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi katika mazingira ya hatari, na Tanzania imeridhia Mkataba namba 182 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu aina mbaya zaidi za ajira kwa watoto. Hakuna kazi inayostahili kuitwa ya hatari kuliko kusimama mbele ya moto unaokimbia.

Hoja ya tatu ndiyo inayouma zaidi, nayo inatokana na historia yetu wenyewe. Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, nia ilikuwa kumwunganisha mwanafunzi na kazi za jamii yake. Watu wazima wengi leo wanakumbuka namna nia hiyo katika baadhi ya shule ilivyogeuka kuwa jembe katika shamba la mwalimu.

Halmashauri isiyo na fedha za vikosi vya moto, ikishajua kwamba shuleni kuna vijana 80 wenye mafunzo, itashawishika kuwaita. Cheti kitageuka hati ya wito. Akiungua, nani atamlipia matibabu? Mwalimu aliyemfundisha atajibu nini mbele ya mzazi?

Na wanaokubali nao

Upande wa pili unaanza na ukweli wa kijijini: vijana tayari wako kwenye moto. Kuwanyima somo hakuwaondoi huko. Kunawapeleka wakiwa wamevaa yeboyebo na fulana ya nailoni inayoyeyuka na kugandia ngozini.

Pili, mioto mingi haianzi kwa radi. Huanzia kwa mrina asali anayefukiza mzinga, mkulima anayesafisha shamba, mchoma mkaa, mwindaji, mchungaji anayetaka majani mapya. Kazi hizo zina vijana ndani yake. Anayejua kwamba moto wa shamba huwashwa asubuhi au jioni upepo ukiwa umetulia, ukingo ukiwa umefyekwa na majirani wamejulishwa, huenda asihitaji kamwe kuzima moto wa msitu.

Tatu ni ajira. Wapagazi, waongoza watalii, askari wa hifadhi na vibarua wa mashamba ya miti kama Sao Hill hutoka katika shule hizohizo za kata. Wakifika kazini wakiwa na miaka 18 na elimu ya moto mkononi, mwajiri anapokea mtu, si mzigo.

Nne ni jambo ambalo Mann Gulch ilifundisha kwa gharama kubwa. Asiye na maarifa hawezi kutii amri sahihi inayoonekana ya ajabu, wala hawezi kukataa amri mbaya inayoonekana ya kawaida. Mtu mzima akimwambia kijana apite juu ya moto bondeni, kijana asiyefundishwa atakwenda kwa heshima. Aliyefundishwa atauliza: mlinzi wetu ni nani, na tukizidiwa tunatokea wapi?

Wazimamoto wa Marekani wana utaratibu rasmi wa kukataa kazi ya hatari bila kuadhibiwa. Umo ndani ya kijitabu wanachobeba mfukoni. Katika mila zetu, ambako mdogo hambishii mkubwa, hilo pengine ndilo somo gumu kuliko yote. Pia ndilo lenye thamani kubwa.

Wenzetu walipochora mstari

Nchi zilizozoea moto hazikuchagua kati ya kufundisha na kulinda. Zilichora mstari kati ya mazoezi na kazi.

Katika jimbo la Victoria, Australia, mamlaka ya moto ya vijijini, CFA, huandikisha watoto wa miaka 11 hadi 15 katika vikundi vya vijana. Wanavuta mipira ya maji, wanajifunza kazi ya timu, wanashindana. Kwenye moto hawaendi. Kijana akifikisha miaka 16 anaweza kuomba uanachama wa kujitolea na kuanza mafunzo ya kazi yenyewe.

Jimbo hilo linajua linachokizungumzia. Februari 7, 2009, siku inayoitwa Jumamosi Nyeusi, moto uliua watu 173. Tume ya Kifalme iliyochunguza maafa hayo ilipendekeza, pamoja na mengine, historia ya moto wa nyikani iingizwe katika mtaala wa taifa, na jiografia na sayansi zibebe elimu ya moto.

Marekani ni wakali zaidi. Kanuni za kazi za serikali kuu zinamzuia aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa kuzima moto wa msitu. Kikosi cha Vijana cha Uhifadhi, kilichoanzishwa mwaka 1970, huchukua wenye miaka 15 hadi 18 na kuwapa kazi za kutengeneza njia, kupanda miti na kutunza hifadhi.

Wakati huohuo, zipo shule za sekondari katika majimbo ya magharibi zinazofundisha kozi za msingi za moto, ili kijana akitimiza miaka 18 awe tayari. Hapo atakabili mtihani wa miguu unaojulikana na kila mzimamoto wa nchi hiyo: kutembea takriban kilomita 4.8 kwa dakika 45, akiwa na mzigo wa kilo 20 mgongoni.

Kuokoka kwanza, kuzima baadaye

Kwa mazingira yetu, nusu ya mafunzo hayapaswi kuhusu moto hata kidogo. Yahusu kurudi nyumbani.

Kilimanjaro, Meru, Udzungwa au Mlima Kenya, mtu aliyepotea huuawa na baridi na mvua mapema kuliko njaa. Kijana ajue kwamba nguo iliyoloa humnyonya joto, na kwamba sweta la sufu likiloa bado linamsaidia kuliko pamba. Ajue kukaa mahali pamoja anapogundua amepotea, badala ya kuendelea kushuka gizani kuelekea korongo.

Ajue kupuliza filimbi mipulizo mitatu, akanyamaza, akarudia. Ajue kwamba kichwa kinachogonga na kutapika juu ya mlima ni dalili za ugonjwa wa mwinuko, na tiba ya kwanza ni kushuka. Ajue kwamba jiko la mkaa ndani ya hema huua waliolala bila kuwaamsha.

Ustadi huu si mgeni kwetu. Skauti wamekuwapo Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka 100, na mwanzilishi wao, Baden-Powell, amezikwa Nyeri. Loitokitok, upande wa Kenya wa Kilimanjaro, shule ya Outward Bound ilianza kuwafunza vijana maisha ya mlimani miaka ya 1950. Klabu za Malihai zimo mashuleni Tanzania tangu 1980. Roots & Shoots ya Jane Goodall ilianza Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12.

Kwa hiyo vyombo vipo. Kilichopungua ni somo la moto lenye mpangilio, na mtu wa kulisimamia.

> KABLA YA KUSHIKA TAWI
>
> Mambo saba ambayo kila kijana anayeishi kandokando ya msitu anapaswa kuyajua:
>
> 1. Ukiona moto, toa taarifa kwanza: kwa mtendaji, kituo cha hifadhi au msitu, au Zimamoto kwa namba 114.
> 2. Usiwe juu ya moto kilimani. Moto hupanda haraka kuliko wewe.
> 3. Kaa karibu na eneo lililokwishaungua na kupoa. Hapo hapana cha kuwaka tena.
> 4. Kabla ya kufanya lolote, jua njia mbili za kutokea.
> 5. Vaa nguo za pamba au sufu zenye mikono mirefu na viatu vya ngozi. Nailoni na plastiki huyeyuka.
> 6. Moshi ukizidi, inama au lala chini. Hewa safi zaidi iko karibu na ardhi.
> 7. Hesabuni mliokwenda na mliorudi.

Nani afundishe, kwa vifaa gani?

Mwalimu wa jiografia peke yake hatoshi. Anayefaa ni yule aliyewahi kusimama mbele ya moto: askari wa Tanapa, ofisa wa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), mkaguzi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Siku chache za kila mmoja wao katika wilaya zenye misitu, kabla ya kiangazi, zingefundisha walimu na viongozi wa skauti, nao wangeendeleza.

Vifaa vya mazoezi si vya kutisha bei. Kinachohitajika ni kipigio cha moto, yaani mpini mrefu wenye kipande bapa cha mpira mwishoni, pamoja na reki, majembe, bomba la maji la kubeba mgongoni, filimbi na sanduku la huduma ya kwanza. Redio ya upepo ya kuazima ingetosha kumfundisha kijana kutoa taarifa fupi inayoeleweka: moto uko wapi, unaelekea wapi, unakula nini, nani yuko karibu nao.

Kijana pia anaweza kupewa kazi halisi isiyomgusisha moto. Kufyeka njia za kuzuia moto msimu wa mvua, chini ya usimamizi na kwa saa zinazokubalika. Kuchora ramani ya vyanzo vya maji na vichochoro vya kijiji. Kusimama mbali akiwa na darubini wakati wakubwa wanazima, akihesabu watu. Kuwapeleka wazee na watoto mahali salama.

Kupanga kazi namna hiyo kunajibu hoja nzito kuliko zote za wanaopinga. Kazi zikiorodheshwa mapema, mtu anayetaka kumtumia mwanafunzi kama kibarua wa bure atalazimika kwanza kuvuka maandishi.

Uamuzi uko kijijini

Wizara inaweza kuingiza moto kichaa katika mtaala, na ingefanya vyema. Lakini kijiji hakilazimiki kusubiri. Kwa mamlaka ya serikali za mitaa, halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, ikapitishwa wilayani, ikasema mambo machache bila kumung'unya maneno: aliye chini ya miaka 18 hapangiwi mstari wa mbele, kila kikosi kina mkuu mmoja anayejulikana, majina ya wanaopanda yanaandikwa kabla ya kuondoka, asiye na viatu vya kufaa anabaki.

Upande wa pili wa ukurasa huohuo uandikwe wajibu wa kufundisha: kila mwanafunzi wa sekondari katika kijiji kinachopakana na msitu apitie mafunzo ya moto na kujiokoa, nje ya darasa, angalau mara moja kwa mwaka kabla ya kiangazi.

Kifungu cha kwanza kikiandikwa peke yake, vijana wataendelea kwenda kwa siri na ujinga uleule. Cha pili kikiandikwa peke yake, hofu ya wazazi itatimia. Vikitembea pamoja, kijana atakuwa na elimu ya kumwokoa na karatasi ya kumtetea.

Masika ndiyo miezi ya kulifanya hilo, wakati nyasi bado zina maji na hakuna anayekimbia. Mkutano mkuu wa kijiji utakapoitwa, mzazi mwenye mtoto wa sekondari ainue mkono amuulize mtendaji swali moja: mbiu ya moto ikilia mwaka huu, mwanangu yuko kwenye orodha ipi, na ni nani aliyemfundisha?